Muulize Shangazi: Dola 70, mama mkwe na Tex-Mex ya Houston

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea hapa Houston akitokea Tanga, na zimebaki wiki mbili arudi. Ghalani ninakofanya kazi kila mtu anasifu Tex-Mex, yaani mapishi ya Kimexico ya hapa Texas, na mke wangu ameshamwahidi mama kwamba tutampeleka akaonje chakula cha Texas kabla hajaondoka. Matatizo ni matatu. Ukitafuta migahawa hiyo kwenye simu inakuja chungu nzima, yote ina nyota nne na ushee. Halafu sisi ni Waislamu, na mama hagusi nyama mpaka ajue imechinjwa vipi. Mwisho, nina dola 70 tu kwa watu watano: mimi, mke wangu, mama na watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Mapumziko yangu ni Jumatano na watoto wako likizo. Meno ya mama nayo yamechoka. Nichague vipi nisiaibike? – Mkwe wa Tanga, Alief*

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu. Dola 70 zinatosha, ila uwe mkali kwenye siku na kwenye vinywaji. Siku umeshaipata bila kuitafuta. Migahawa mingi ya Tex-Mex ina bei ya mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, toka saa tano mpaka saa nane au saa tisa. Chakula ni kilekile, labda enchilada (chapati za mahindi zilizoviringishwa na kumwagiwa mchuzi) mbili badala ya tatu, na bei inapungua dola kadhaa kwa kila sahani. Jumamosi usiku ungelipa bei kamili, ungesimama mlangoni kungoja meza, na jirani zenu wangekuwa watu wa margarita, kile kinywaji cha pombe, wanaoimbiana nyimbo za kuzaliwa. Nendeni Jumatano, mfike saa tano na nusu kabla watu wa maofisini hawajamiminika.

Nyota za kwenye simu ziache. Wengi wanaozitoa wanapima muziki, taa za rangi na ukubwa wa glasi ya margarita, na wewe hutanunua hata kimoja katika hivyo. Mimi nilipofika Houston nilifanya kazi katika jiko la aina hiyo, kwanza kwenye sinki la vyombo, kisha kwenye meza ya kukata vitunguu na pilipili. Tangu hapo ninapochagua mgahawa wa Tex-Mex naangalia kile wanachonipa bure. Ukikaa tu, kabla hujaagiza, unaletewa kikapu cha chipsi na kibakuli cha salsa, yaani sosi ya pilipili. Chipsi zenyewe si za viazi, ni tortilla ya mahindi, yaani chapati nyembamba, iliyokatwa pembetatu ikakaangwa. Mwenye mgahawa anayejisumbua kwa kitu asichokutoza hata senti, hata kile unacholipia atakisumbukia. Anayebana hapo, anabana na kwingine, mimi nimeshika visu vyao najua.

Basi chukua chipsi moja. Inatakiwa iwe na joto bado, nyembamba, ina vilengelenge juu, na ikivunjika ilie. Zikiwa nene, baridi na zote saizi moja, zimetoka kwenye mfuko. Salsa itazame kabla ya kuionja. Iliyotengenezwa hapohapo ina vidoa vyeusi vya maganda ya nyanya na pilipili zilizochomwa, na mbegu zinaonekana. Ya kwenye ndoo inang'aa, nzito, tamutamu, na haina harufu ya moto. Wengine huleta mbili, nyekundu ya vuguvugu na kijani ya baridi. Ya kijani hapa Houston ina heshima yake kwa sababu ya mgahawa wa Ninfa's, ambao sosi yao ya parachichi na tomatillo, kitunda kichachu cha kijani, imeigwa mji mzima. Ukiona salsa zote mbili zina uhai, tulia, umefika.

Kitu cha pili ni tortilla ya ngano. Katika nyumba nyingi zinazojali utamkuta mama mmoja amesimama mbele ya tawa kubwa, mahali ambapo wateja wanamwona. Anachukua donge la unga, analibana au kulisukuma, analitupa juu ya tawa. Likianza kufura analigeuza kwa ncha za vidole, halafu linaingia kwenye kitambaa likiwa linafuka. Mama mkwe wako atasimama hapo kumkagua mwenzake, na usimwahishe. Pengine kuna mashine inayozungusha tortilla badala ya mtu, nayo si mbaya. Tortilla njema ina madoa ya kahawia yasiyolingana na haipasuki ukiikunja. Ikiwa ngumu pembezoni na katikati imelowa jasho, imetolewa kwenye pakiti ikapashwa.

Tortilla si kitu cha kando katika mji huu. Ninfa Laurenzo, mwenye ule mgahawa wa Ninfa's, alikuwa mjane mwenye watoto watano na kiwanda cha tortilla kilichokuwa kinasuasua, kwenye barabara ya Navigation, mashariki mwa katikati ya mji. Mwaka 1973 akaweka meza kumi mbele ya kiwanda na kuanza kuuza nyama ya ng'ombe iliyochomwa mkaani, ikakunjwa ndani ya tortilla ya ngano ya moto. Nyama hiyo ndiyo leo watu wanaiita fajita. Mgahawa ule wa Navigation bado upo na watu wanaupenda, lakini kwa mfuko wako na masharti ya mama sikupeleki huko.

Tuje kwenye masharti yenyewe, maana hapo ndipo watu wetu wengi wanapoingizwa mjini. Una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta nyumba ya halali inayopika fajita na taco, yaani tortilla iliyokunjwa yenye kitu ndani. Zipo, hasa upande wenu wa kusini-magharibi, maeneo ya Hillcroft na Bissonnet, karibu na mabucha tunakonunua nyama. Faida ni kwamba mama atakula nyama bila kuuliza. Lakini zipime kwa kikapu kilekile, kwa sababu baadhi wana mkono mzuri kwenye nyama tu, tortilla wanafungua pakiti.

Njia ya pili ni mgahawa wa kawaida, mle bila nyama ya nchi kavu. Ukidhani hapo umemaliza kazi, hujamaliza. Maharage ya kupondwa, yale laini yanayokuja na kila sahani, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Maharage ya mchuzi yanayoitwa charro yana vipande vya bekoni, nyama ya nguruwe, na yanayoitwa borracho yana bia. Tortilla ya ngano inakandwa kwa mafuta ya nguruwe au ya mimea, inategemea nyumba. Wali mwekundu mara nyingi umepikwa kwa supu ya kuku. Tamale, donge la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke, usiiguse. Na mtego mkubwa kuliko yote ni enchilada ya jibini. Jina ni la jibini, na ndani ni jibini kweli, lakini juu inamwagiwa mchuzi wa kahawia ambao mara nyingi umetengenezwa kwa nyama ya ng'ombe. Mchuzi huo una bizari nyembamba nyingi, na ikipita sahani ya jirani mama atageuka akisema hapa kuna pilau. Mruhusu anuse tu.

Kilicho salama karibu kila mahali ni tortilla ya mahindi: mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, yakasagwa, basi. Kwa mengine muulize mhudumu. Akiwa anajua Kihispania zaidi kuliko Kiingereza, mwambie hivi: «¿Lleva manteca?», yaani ina manteca, ambayo kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe? Akisema ndiyo, ulizia kama ni vegetal, yaani ya mimea. Uliza kwa uso mkunjufu, wameshazoea. Mhudumu akisema «sidhani», hilo si jibu, mwombe akaulize jikoni. Asiyetaka kwenda kuuliza amekwisha kukujibu, kula chipsi zako, toa asante na bakshishi kidogo, hamia kwingine.

Mama mwagizie migas. Ni mayai yaliyovurugwa pamoja na vipande vya tortilla ya mahindi, nyanya, kitunguu, pilipili mbichi na jibini. Ni laini, meno hayana kazi, na ni katika vitu vya bei ya chini kwenye menyu. Huhesabiwa chakula cha asubuhi, ila migahawa mingi huipika mpaka mchana. Piga simu kabla hamjaondoka nyumbani ujue. Sharti moja: waombe wapike kwenye kikaango kisafi, kwa sababu bamba lao la moto limepitiwa na bekoni tangu alfajiri. Na maharage yake wabadilishe kwa parachichi. Wewe na mke wako kuleni taco za kamba kwa tortilla za mahindi. Watoto wape quesadilla, tortilla zilizokunjwa na jibini ndani, lakini kwanza pata jibu la manteca, la sivyo nazo ziwe za mahindi.

Hesabu sasa, kwa bei za kawaida za mchana. Migas dola 11. Sahani mbili za kamba dola 15 kila moja. Za watoto dola saba kila moja. Jumla 55. Kodi ya mauzo ya Houston ni asilimia 8.25, hiyo ni dola 4.54. Bakshishi ya asilimia 18 ni 9.90. Umefika dola 69.44. Sasa tazama kinachotokea mkisema «tupe soda tano» bila kufikiri. Soda ni kama dola tatu na nusu, tano ni 17.50, weka kodi na bakshishi juu yake, zimeondoka dola 22, bili imekuwa 91. Nimeona akina baba wakirudi kwenye gari kufuata kadi nyingine kwa sababu ya soda. Ombeni maji, ni bure. Ya mama sema yasiwe na barafu, wasije wakamletea mtungi wa theluji. Ila kama wana juisi ya ukwaju, wao huiita tamarindo, mnunulie glasi moja. Hizo dola nne na ushee utajua mwenyewe pa kuzitoa.

Wapi? Kama mtatumia njia ya kwanza, msitoke kusini-magharibi. Kama ni ya pili, mna Long Point kule Spring Branch na Harrisburg upande wa mashariki, ambako kuna migahawa ya familia iliyopangana na maegesho ni ya bure. Ukikuta kijana wa kuegeshea magari kwa malipo mlangoni, hapo bei zake si zako. Na msiwe na haya ya kuingia, kuitazama menyu, kutazama meza za watu, na kutoka.

Na jambo moja la pembeni, kwa kuwa watoto wataona sahani za chuma zinazopita zikilia na kutoa moshi na watazililia. Ile ni fajita. Nyama ilishaiva zamani. Chuma kimepashwa peke yake mpaka kikawa moto wa kuogopesha, na kabla tu ya kutoka jikoni mtu ananyunyizia maji ya ndimu au siagi ili ipige kelele mgahawa mzima ugeuke. Nimeifanya kazi hiyo, na ni kweli meza tatu za jirani huagiza fajita baada ya hapo. Waache wafurahie kutazama, kutazama hakutozwi.

*Shangazi, sisi wengine hatukukulia kwenye haya mambo ya bakshishi. Chakula nimelipia, kodi nimelipia, halafu mashine inaniuliza nitoe asilimia 18, 20 au 25. Huyo mhudumu hana mwajiri? – Mchovu wa Makato, Houston*

Anaye, na mwajiri huyo sheria inamruhusu amlipe dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho cha wahudumu wanaopokea bakshishi hakijapandishwa na serikali kuu tangu mwaka 1991, na Texas haikuongeza chake juu yake. Bakshishi isipofikisha kima cha chini cha dola 7.25 mwajiri anatakiwa afidie, lakini muulize yeyote aliyefanya kazi hiyo kama alipata ujasiri wa kudai. Kwa hiyo unapokaa mezani ukaletewa vikapu vitatu vya chipsi za bure, kuna mtu amevileta, na mshahara wake uko mfukoni mwako.

Mimi natoa asilimia 18 mahali pa kuhudumiwa mezani, 20 nikiwa na watoto wanaomwaga wali chini. Ipige kwenye bei ya chakula kabla ya kodi, maana mashine nyingi hupigia kwenye jumla yote. Mahali pa kuagiza kaunta na kubeba sahani mwenyewe, dola moja au mbili kwenye kopo, au usiweke, hakuna atakayekukamata. Na mkiwa sita au zaidi soma bili kabla hujaandika kitu, kwa kuwa migahawa mingi huwa imeshaweka bakshishi yenyewe. Watu wetu tunakwenda kwa makundi, harusi ikiisha tuko kumi na wawili, na tunalipa mara mbili huku tukicheka.

Kama moyo wako unakataa kabisa, nunua chakula cha kubeba. Lakini usikae, ukahudumiwa saa nzima, ukaacha senti, halafu kesho tukaingia sisi wengine tunaofanana na wewe.

*Shikamoo Shangazi. Ninasoma San Antonio, sina gari, na kwa mlo nina dola kumi. Mwenzangu wa chumba anatoka Mexico City, ananicheka kila nikitaja Tex-Mex, anasema ni chakula bandia na nisipoteze hela. Ni kweli? – Mwanafunzi, San Antonio*

Marahaba. Mwambie mwenzako, kwa adabu, kwamba Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka mwaka 1836, na watu waliokuwa wakipika hapo hawakuhama pale mstari wa mpaka ulipohama. Walipika kwa walichokuwa nacho: ng'ombe wengi, unga wa ngano, bizari nyembamba, baadaye jibini la njano la Wamarekani. Katika mji huohuo unaosoma, wanawake walikuwa wakiweka meza viwanjani jioni wakiuza chili, nyama iliyopikwa kwa pilipili, tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1930, mpaka wakuu wa mji walipowaondoa kwa madai ya usafi. Hakuna ubandia hapo, ni chakula cha kwao. Hata nachos, zile chipsi za tortilla zenye jibini, ambazo yeye huenda anazisingizia Texas, zilianzia Piedras Negras, upande wa Mexico wa mto wa mpakani, mikononi mwa Ignacio Anaya, miaka ya 1940. Hapo msalimie.

Kwa dola kumi usikae kwenye mgahawa wa kuhudumiwa, kodi na bakshishi zitakula dola mbili hivi za hela yako. Nenda taqueria, yaani duka la taco, unaagiza kaunta. Na nenda asubuhi: San Antonio ni mji wa taco za asubuhi, tortilla ya ngano ya moto yenye mayai na viazi, au maharage na jibini, kwa dola tatu hivi kila moja. Mbili zinashibisha mpaka alasiri. Foleni ikiwa ya mafundi wa ujenzi wenye buti za vumbi, ingia na wewe.

Siku ukipata hela kidogo, tafuta puffy taco, ambayo ndiyo fahari ya hapo ulipo. Kidonge cha unga mbichi wa mahindi kinabanwa bapa na kutoswa kwenye mafuta, kinafura papo hapo, mpishi anakibonyeza katikati kwa kijiko ili kikunje, ndipo kinatiwa nyama, saladi na nyanya. Kula ungali mezani na uiname juu ya sahani, maana baada ya dakika chache kinalowa na kukatikia mkononi. Mwenzako mnunulie kimoja. Na kabla ya kuagiza yoyote, kama unafuata halali au hutumii nyama, soma jibu la kwanza hapo juu, habari ya manteca ni ileile San Antonio.